Rejeta Mpya, Mipira ya Zamani

Mshale wa joto la injini kwenye dashibodi ulipoanza kushuka, nilishukuru.

Tulikuwa tumeshaipita Himo, tunaukwea mlima kuelekea Marangu. Mama alikuwa kiti cha mbele, amepakata bahasha ya dawa kutoka hospitali ya KCMC, kichwa kimeegemea kioo, usingizi umemchukua. Kwa muda nilikuwa nautazama mshale kuliko barabara. Ulikuwa umepita katikati, ukasogea juu, ukaikaribia ile herufi H. Nikapunguza mwendo, nikazima kiyoyozi, nikafungua dirisha. Mara ukaanza kurudi. Ukafika katikati, ukapitiliza, ukalala chini kabisa kama wa gari lililowashwa sasa hivi.

Rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa na wiki tatu tangu ifungwe. Nikajiambia, hiyo ndiyo kazi ya rejeta mpya.

Kona ya pili baada ya hapo injini ikaanza kutoa mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Nguvu ikaisha. Kisha mvuke ukatoka pembeni mwa boneti, mweupe, mwingi, ukafunika kioo chote cha mbele. Mama akaamka akauliza, "Ni ukungu?"

Wiki tano zimepita. Gari limeshapona, fedha zimeshalipwa. Lakini kuna jambo ambalo bado linaniamsha usiku, na si la gari peke yake.

## Doa

Wenye magari ya zamani mnajua lilivyoanza. Doa la maji chini ya gari asubuhi, dogo kama kisosi. Unajiambia ni maji ya kiyoyozi. Nilijiambia hivyo mwezi mzima, hata siku ambazo kiyoyozi sikukiwasha kabisa.

Gari ni Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, na lilikuwa la baba. Aliliendesha miaka kumi na moja. Baada ya matanga mama alinipa funguo mbele ya kaka zangu, akasema, "Wewe ndiye unayekuja mara kwa mara." Hakuna aliyebisha. Kwa hiyo doa lile sikuliona kama hitilafu ya kawaida. Niliona aibu. Baba alikuwa akifungua boneti kila asubuhi kabla ya chai, hata siku ambayo hatoki. Mimi natoka saa kumi na mbili kasorobo kuwahi kipindi cha kwanza, na boneti nilikuwa naifungua siku ya kubadilisha oili tu.

Nilipoifungua hatimaye, pale tangi la plastiki la rejeta linapokutana na mapezi ya alumini palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, kama ule unaoganda kwenye mdomo wa birika. Plastiki yenyewe, ambayo zamani ilikuwa nyeusi, imegeuka kahawia. Nikajaza maji. Keshokutwa nikajaza tena. Nikaanza kutembea na dumu la lita tano kwenye buti.

Dumu lile lilinipa amani kuliko lilivyostahili. Nililijaza kila Jumapili jioni, na kila nilipolijaza nilihisi kwamba gari nalitunza.

## Binzari

Fundi wa kwanza alitia binzari. Kijiko kikubwa kimoja, halafu cha pili, ndani ya mdomo wa rejeta, kisha akawasha injini. Wengine hutia yai, wengine sabuni ya kipande. Maji ya moto huubeba ule unga mpaka kwenye ufa, unanasa, unaziba. Na niseme ukweli: uliziba. Siku kumi na moja sikuona doa.

Lakini unga haujui ufa uko wapi. Mirija ya ndani ya rejeta ni myembamba sana, na unga hunasa popote penye wembamba. Siku ya kumi na mbili doa lilirudi, safari hii likiwa la manjano, na nikiwa kwenye foleni ya mzunguko wa YMCA mshale ukaanza kupanda. Nilikuwa na rejeta inayovuja. Sasa nilikuwa na rejeta inayovuja na iliyoziba.

Huyo simlaumu sana. Nilimwambia sina fedha, naye akanipa dawa ya mtu asiye na fedha. Aliyenitia kidonda ni mwingine, mwaka mmoja kabla, aliyenifanya ninunue altaneta nzima, ile inayochaji betri. Mwalimu mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenieleza baadaye kwamba kwa dalili nilizomsimulia, huenda zilikuwa zimeisha kaboni tu, kitu cha shilingi elfu chache. Tangu hapo kila bei iliyotoka mdomoni mwa fundi niliisikia ikiwa na cha juu ndani yake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa.

Nayasema haya kwa sababu yanaeleza nilivyoingia kwenye gereji ya pili. Sikuingia kama mteja. Niliingia kama mtu anayelinda pochi.

## Kipande cha boksi

Fundi wa pili yuko Majengo, hapa Moshi, mtu mzima, wa kuamkiwa shikamoo. Alianza ufundi akiwa kijana kwa kuchomelea rejeta za shaba za Land Rover na Bedford. Zile, anasema, ulikuwa unayeyusha risasi, unaziba, mwenye gari anakwenda zake na mnasahauliana miaka mitano. Hizi za sasa ni plastiki iliyobanwa kwenye alumini kwa meno ya bati, katikati pana mpira mwembamba. Mpira ukikauka na plastiki ikapasuka kwa miaka ya kupata moto na kupoa, hakuna cha kuchomelea. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyefiwa na kazi yake.

Nusu saa ya kwanza hakugusa spana. Alibonyeza.

Mpira wa juu, ule unaoleta maji ya moto kutoka kwenye injini, aliubonyeza karibu na shingo ya rejeta, akaniambia nami nibonyeze. Ulilegea kama embe lililoiva kupita kiasi. Mpira wa chini ulikuwa kinyume chake, mgumu, ukibonyezwa unalia kama ganda kavu. Akaniangazia tochi kwenye pampu ya maji. Chini yake pana tundu dogo lililoachwa makusudi kiwandani: sili ya ndani ikianza kuchoka, maji hutokea pale ili mwenye gari aone mapema. Palikuwa na mchirizi mkavu wenye kutu. "Huu ni ujumbe," akasema.

Kisha akashika mfuniko wa rejeta, akaupindua. "Huu umechoka. Springi yake haisukumi. Na kwa kuchoka kwake umekuwa unaihurumia hii mipira."

Sikuelewa, akanieleza. Mfuniko wa gari langu umeandikwa 0.9. Maana yake unabana presha ya ndani mpaka ifike karibu maradufu ya presha ya hewa ya kawaida, na ndani ya presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanachelewa mpaka karibu nyuzi 118. Sisi watu wa Kilimanjaro hatuhitaji darasa refu hapa. Kule kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, na wanaopanda na wageni watakwambia habari za maharage yanayochemka yasiive. Presha ikipungua maji huwahi kuchemka, ikiongezeka huchelewa. Kwenye gari, anayeishika hiyo presha ni kile kifuniko kidogo. Cha kwangu kilikuwa kinaachia mapema, kwa hiyo mipira yangu mizee ilikuwa na miaka haijaonja presha kamili.

"Rejeta mpya inakuja na mfuniko wake mpya," akasema. "Presha itaamka, mwalimu. Ikiamka itatafuta pa kutokea."

Akachana kipande cha boksi la oili akaandika: rejeta, mpira wa juu, mpira wa chini, klempu nne, themostati na gasketi yake, pampu ya maji, mkanda, kulanti lita tano. Akanipa. Akasema niende dukani mwenyewe.

Niliisoma orodha ile nikamwona mtu anayetaka kula.

Rejeta peke yake ilikuwa shilingi 190,000. Vilivyobaki vyote kwa pamoja vilikaribia kiasi hichohicho, na mshahara ulikuwa bado mbali. Nikamwambia, "Fundi, kinachovuja ni rejeta. Tubadilishe rejeta."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Gari ni lako, mwalimu." Akaniomba tu nisikitupe kile kipande cha boksi.

## Nyumba tupu

Nilikwenda dukani mwenyewe, nikanunua isiyo yake. Gari langu ni la gia za otomatiki, na rejeta ya otomatiki ndani ya tangi la chini ina kipozeo cha haidroliki ya giaboksi. Kwa nje utaona vichwa viwili vya mirija. Niliyoleta ilikuwa ya gia za mkono. Upana uleule, urefu uleule, vichwa havipo. Fundi hakucheka. Alinionyesha mirija miwili kwenye gari, akachomoa mmoja, akadondosha tone la haidroliki kwenye kiganja chake ili nione rangi. Lilikuwa jekundu safi. Kipozeo kile kikipasuka ndani, akasema, haidroliki na maji huchanganyika na vikatoka kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, na hapo hesabu ya rejeta unaisahau, unahesabu giaboksi.

Muuza spea alinibadilishia bila maneno.

Maji ya zamani yalitoka ya kahawia, halafu yakafuata matope ya manjano. Fundi aliyaonyesha kwa kidole tu. Kisha akafungua nyumba ya themostati ili apitishe maji safi kwenye injini.

Ndani hapakuwa na kitu.

Wengi wenu mnaijua habari hii. Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini tu. Joto likifika nyuzi 82 nta hutanuka, ikasukuma, mlango ukaanza kufunguka na maji yakaenda kwenye rejeta kupoa. Gari likichemsha, mafundi wengi huku kwetu jambo la kwanza ni kuitoa: "Ya nini kwenye joto hili?" Injini isiyo nayo huchelewa kupata moto wake, na kompyuta ya gari, ikidhani bado ni asubuhi ya baridi, huendelea kumwaga petroli nyingi kuliko inayohitajika. Ndiyo maana, nikikumbuka, gari lile lilikuwa linanywa sana.

"Imetolewa," fundi akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Gari hili lilikuwa la baba, na baba hakuruhusu kitu kitolewe ndani ya gari lake bila kurudishwa. Fundi akanyamaza. Na ndani ya ule unyamavu nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetoka nje kama dakika kumi kupokea simu ya shule.

Ameitoa yeye. Ameitoa ili ninunue nyingine.

Sikulisema. Lakini niliutazama mfuko wa ovaroli yake, ule wa pajani, nikatafuta kama umevimba.

Alirudishia mipira ileile kwa klempu zilezile. Akajaza maji na kulanti polepole, mfuniko ukiwa wazi na injini inaunguruma, akiuminyaminya ule mpira wa juu uliolegea ili hewa itoke, mpaka mapovu yakaisha na feni ikaitika. Tone halikudondoka. Nilimlipa ufundi wake nikaondoka nikijiona mshindi.

## Kiganja juu ya boneti

Mpira wa juu ulipasuka palepale aliponiambia nibonyeze.

Na ule mshale niliomshukuru Mungu kwa ajili yake? Sensa ya joto hupima maji. Maji yakimwagika, sensa inabaki kwenye hewa na mvuke, na mshale unashuka. Haukuwa unaniambia injini imepoa. Ulikuwa hauna tena cha kupima. Nilikanyaga mafuta kona mbili nzima nikiamini tumevuka salama, na kona hizo mbili ndizo zilizokula hedi, kile kichwa cha injini.

Vijana wawili wa bodaboda walisimama kutusaidia. Mmoja, mwepesi kweli, alishafungua boneti, amevua koti, amelikunja mkononi ili aushike mfuniko wa rejeta. Mama, ambaye goti linamsumbua na hashuki garini bila kushikwa mkono, alikuwa ameshashuka peke yake.

"Usiguse!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu utotoni. Kijana alirudi nyuma hatua tatu.

Baba alikuwa na kovu refu mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo cha mkono. Tulikua tukiliona. Akiulizwa alisema, "La kazini," na mazungumzo yakaisha. Pale barabarani ndipo mama aliponieleza: Land Rover ya ofisi, njiani, mimi sijazaliwa, akafungua mfuniko ungali wa moto. Maji yaliyobanwa yakiwa juu ya nyuzi mia, ukiyafungulia mlango, yanageuka mvuke papo hapo na kukufuata. Kwenye gari letu huenda presha ilikuwa imeshatokea kwenye mpasuko, lakini nani angelijua hilo kwa kutazama?

Mwanamke mmoja alitoka kwenye migomba na ndoo ya maji, kigoda cha mama na chai. Nilitaka kumwagia injini maji. Mama akanizuia tena. Alisema baba alikuwa akisubiri mpaka aweze kuweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo bila kukiondoa. Fundi alinithibitishia baadaye: maji baridi kwenye hedi ya alumini iliyochemka yanaweza kuipasua.

Kwa hiyo tulisubiri. Wingu liliushika mlima, giza likaingia. Mama alikuwa hajala tangu alfajiri kwa ajili ya kipimo cha damu, na sasa alikuwa kwenye kigoda cha watu pembeni mwa barabara, amejifunga kanga mbili, akinywa chai ya mtu asiyemjua. Nikamwomba msamaha.

"Wa nini? Gari si limeharibika tu?"

Sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa na orodha.

Kipande cha boksi kilikuwa kwenye droo ya dashibodi. Nilikitoa alipokuwa amegeukia upande mwingine, nikakisoma kwa mwanga wa simu. Mpira wa juu ulikuwa wa pili. Na hapo, kwenye baridi ile, nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote: mtu anayetafuta cha juu hakutumi dukani peke yako.

## Kopo

Gari lilivutwa kwa pikapu hadi nyumbani. Asubuhi mama aliingia stoo akatoka na kopo la maziwa ya unga ambalo baba alikuwa akiwekea nati na bolti. "Tazama, huenda kuna cha kukusaidia." Nilikuwa natafuta klempu.

Chini kabisa, chini ya skrubu na balbu za taa, palikuwa na kitu cha mviringo kilichozungushiwa kipande cha gazeti. Nilipokifungua nilikuta chuma cha rangi ya shaba kinachotosha kiganjani, kimegongwa namba: 82. Themostati. Nikausukuma ule mlango kwa kidole gumba. Umeganda, umefunga.

Baba mwenyewe ndiye aliyeitoa. Iliganda, gari likawa linachemsha, akaitoa, akaihifadhi ili aende nayo dukani kama mfano wa kununulia nyingine. Gazeti lilikuwa la mwezi uleule alioanza kulazwa.

Nilikaa sakafuni.

Kutoka jikoni mama aliuliza, "Umekipata?"

Nikamjibu nimekipata.

## Niliyoyatafakari wiki hizi

Sijaamua kwamba nilikosea kuwa na shaka. Nimeibiwa, na wengi wenu mmeibiwa. Ufundi wa magari kwetu, wengi wameupata kwa kukaa miguuni pa fundi mwingine, bila cheti cha kubandika ukutani, na wa kweli na wa uongo wanavaa ovaroli zinazofanana. Mwenye gari asiyeuliza maswali hurudi kwa miguu. Hilo bado naliamini.

Linaloniuma ni jingine. Nilikuwa nadai ushahidi, na ushahidi nilipewa. Aliniambia nibonyeze, nikabonyeza. Aliniangazia tochi, nikaona kutu. Alinipa orodha na kunituma kwa muuzaji ambaye yeye hamjui. Kila kitu ambacho mtu mwaminifu angeweza kufanya ili nimwamini, alikifanya. Na bado mimi nilikuwa nasoma uso wa yule wa altaneta. Huyu wa Majengo alilipa deni la mtu ambaye huenda hajawahi kukutana naye.

Mimi ni mwalimu. Najua inavyokuwa mwanafunzi mmoja akinakili mtihani na darasa zima likatazamwa kwa jicho hilo. Nimewahi kuwatetea wanafunzi wangu kwa hasira juu ya jambo hilohilo, katika kikao, nimesimama.

Tena kuna hili la baba. Nilimshuku mtu kwa kulinda heshima ya baba, na baba ndiye aliyekuwa na jibu, kwenye kopo. Nimejiuliza angesema nini. Nadhani angeniuliza kama niliomba radhi.

## Sufuria

Nilimpigia fundi simu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mama amefika salama. La pili, kama nimejaribu kuliwasha tena gari. Nilimwambia hapana. "Umefanya vizuri. Usiliwashe."

Tulilivuta kushuka Moshi. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi yenyewe ilikuwa imepinda kidogo, akaiweka rula ya chuma juu yake nikaona mwanga ukipita chini. Ilipelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Gharama yote ilizidi mara tatu ya vile vitu nilivyovikataa. Siku nzima nilisubiri aseme, "Nilikwambia." Nilikuwa nimejiandaa nalo, nina hata jibu. Hakulisema.

Jumamosi iliyofuata nilileta kila kilichoandikwa kwenye boksi, nikaomba nikae nimsaidie kushika vitu. Nilileta pia kipimajoto cha maabara ya shule na ile themostati ya baba.

Akaweka sufuria juu ya jiko la mkaa, lile wanalopikia chai, akazining'iniza zote mbili kwa uzi ndani ya maji, ya baba na mpya. Vijana wake walikusanyika. Mimi nilisoma namba kwa sauti. Sabini na tano. Themanini. Kwenye 83 ile mpya ikaanza kufunguka, taratibu mno, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema neno. Ya baba haikutikisika. Maji yalichemka, kipimajoto kikasimama kwenye 97, maana Moshi si Dar, na bado haikutikisika.

Fundi akaitoa kwa koleo, akaifuta, akanirudishia. "Aliitoa kwa sababu," akasema.

Ndipo nikamwambia. Vijana walikuwa wamesogea kwenye gari jingine.

"Fundi, siku ile nyumba ilipokutwa tupu, nilidhani umeitoa wewe."

Alikuwa anasafisha uso wa nyumba ya themostati, akikwangua gasketi ya zamani kwa wembe. Hakuacha kukwangua.

"Nilijua, mwalimu. Ulikuwa unautazama mfuko wangu."

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Niupindue mfuko?"

Nikamwambia, "Nisamehe, fundi." Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Akachukua themostati mpya, akaigeuza mpaka kile kitundu chenye kipini kikaelekea juu ili hewa ipate pa kutokea, akaikalisha mahali pake, akaishikilia kwa kidole.

"Nipe spana namba kumi."

Nikampa.